Kutoka Hori Hadi Nyota: Maneno ya Krismasi na Mapambo ya Kutengeneza Nyumbani

Mwaka juzi mpwa wangu alipewa kusoma somo la Luka kwenye igizo la watoto kanisani. Ana miaka tisa na Kiswahili anakimwaga bila shida, lakini kwenye mazoezi alipofika "hori ya kulia ng'ombe" akasimama. "Shangazi, hori ni nini?" Kwa Kiingereza alilijua, shuleni wamefundishwa. Nikamweleza, akatikisa kichwa kama mtoto anayetaka maelezo yaishe akacheze. Jioni tukachukua kiberiti kilichokwisha, tukachomoa kile kisanduku cha ndani, tukakibandika miguu minne ya njiti, tukakijaza nyasi kavu. Tangu siku hiyo hori halijamtoka kichwani. Akimwona mtu analisha ng'ombe kwenye nusu pipa, anasema, "Lile ni hori."

Mwongozo huu umetokana na hilo. Kila pambo lina maneno yake, na mtoto huyashika wakati mikono yake ina gundi. Ukimwandikia orodha kwenye daftari atakariri hadi kesho asubuhi, basi.

Anza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mna wiki tatu na ushee, na kazi moja kwa wiki inatosha. Ukisubiri tarehe 23 utaishia kununua mapambo ya plastiki njiani huku umebeba kuku.

Kabla ya yote, kusanya

Waambie watoto waanze kutunza vitu: boksi moja la viatu, viberiti vitupu, magunzi manne au matano yaliyokauka vizuri, magazeti ya zamani, vipande vya vitenge na khanga (fundi cherehani wa mtaani ana mfuko mzima chini ya meza, muulize tu), pamba kidogo, uzi mgumu, na njiti za fagio la chelewa. Kwa fagio, ni heri ununue jipya la kazi hii. Ukichomoa kwenye la mama nyumbani, utajieleza.

Vya dukani ni vichache: manila moja au mbili, karatasi laini za rangi zile wanazotengenezea vishada, na unga wa ngano kwa ajili ya gundi.

Gundi yenyewe ni uji. Koroga vijiko vitatu vya unga wa ngano na maji baridi ya robo kikombe mpaka mabonge yaishe. Chemsha robo tatu ya kikombe cha maji, mimina ule mchanganyiko huku unakoroga, acha moto mdogo dakika mbili tatu hadi uwe mzito na uanze kung'aa. Ipua, upoe. Unabandika karatasi na vitambaa vizuri kabisa, na mtoto mdogo akilamba kidole humkimbizi hospitali. Hukaa siku mbili, baada ya hapo unachacha na nyumba nzima inajua.

Wiki ya kwanza: taji la Majilio

Maneno ya wiki hii: *Majilio, taji, mshumaa, zambarau, waridi, mkesha.*

Majilio yanatokana na kuja. Ni majuma ya kumngoja anayekuja. Mtoto akiona kwamba neno limezaliwa na kitenzi anachokijua tayari, kazi imekwisha.

Taji la mishumaa lilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa akilea watoto maskini waliochoka kumuuliza kila siku Krismasi bado siku ngapi. Akachukua gurudumu la zamani la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za katikati. Leo imebaki minne. Kwa desturi ya Wakatoliki, mitatu ni ya zambarau na mmoja wa waridi, na ule wa waridi huwashwa Jumapili ya tatu.

Kunja kurasa nne tano za gazeti kwa urefu, zisokote kama kamba nene, unganisha ncha kwa uzi upate duara la upana wa sentimita 30 hivi. Lizungushie kitambaa cha kijani. Kisha chomeka majani. Pwani matawi ya mvinje ndiyo mepesi kupatikana. Kwa mama mkwe wangu, kule Kilimanjaro, tulitumia masale, na mwanzoni niliogopa kuonekana nachezea jani la wazee, maana kwa Wachaga isale ndilo la kuombea msamaha. Mama akacheka. Akasema si ndiyo Majilio yenyewe, watu wanatubu?

Mishumaa ya dukani kwetu ni myeupe. Usihangaike kuipaka rangi. Weka mchanga ndani ya bilauri nne za kioo, simamisha mshumaa katika kila moja, halafu funga utepe wa zambarau au waridi kwa nje, chini kabisa, mbali na moto. Panga bilauri hizo kwenye sinia, katikati ya duara. Taji ni gazeti na majani makavu, kwa hiyo moto uwashwe wakati wa sala ya jioni tu, mtu mzima akiwepo, na uzimwe "Amina" ikishatoka.

Wiki ya pili: pango

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tenga siku mbili.

Maneno ni mengi: *pango, zizi, hori, nguo za kitoto, mchungaji, kondoo, malaika, mamajusi, dhahabu, uvumba, manemane.* Majina nayo hutofautiana. Wakatoliki husema Maria na Yosefu, wenzetu wengi wanaosoma Biblia ya Muungano husema Mariamu na Yusufu. Mtoto ayajue yote, atayasikia kwa majirani.

Mpe pia maana nyingine za hori. Pwani, hori ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na pia ni aina ya mtumbwi. Na usishangae Biblia kuandika "hori ya", wakati wengi wetu leo tunasema "hori la".

Na kwa nini pango, wakati Luka anataja hori tu? Ni mapokeo ya zamani sana. Kanisa la Kuzaliwa huko Bethlehemu limejengwa juu ya pango. Desturi ya kuutengeneza upya ule usiku inahusishwa na Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, aliandaa hori lenye nyasi pamoja na ng'ombe na punda wa kweli, watu wakasali hapo.

Boksi la viatu lilaze ubavu, mdomo ukutazame. Lipake uji kwa nje na ulibandike majani makavu ya mgomba, yakipandana kama makuti. Usipokuwa na migomba, chukua karatasi ya khaki, ikunje na kuikunjua mara kadhaa hadi iwe na mikunjo ya mwamba. Ndani tandaza nyasi. Juu toboa tundu dogo la kutundikia nyota.

Watu ni magunzi. Kata gunzi kwa msumeno au kisu chenye meno, na hii ni kazi ya mkubwa: sentimita 10 kwa Yosefu na wachungaji, 8 kwa Maria, na kipande cha kidole kimoja kwa mtoto. Upande mnene uwe chini ili asimame. Akiyumba, sugua kitako kwenye sakafu ya saruji mpaka kinyooke. Kichwa ni kijipande cha kitambaa cha kahawia kilichofungwa juu ya kidonge cha pamba, kikaning'inizwa mkia wake, mkia ukapakwa gundi na kusukumwa kwenye ule uti laini wa katikati ya gunzi. Macho ni nukta mbili za peni. Mdomo uache. Nimejaribu kuchora midomo miaka yote na Yosefu hutoka kama aliyekasirishwa na mwenye nyumba.

Halafu wavishe. Maria anajitanda khanga, mchungaji anavaa shuka jekundu na kushika fimbo ya chelewa, watoto wa Arusha hawana haja ya kuelezwa. Kondoo ni kiberiti kizima kilichofunikwa pamba, miguu njiti nne. Nasisitiza hapa: pamba wapeni kondoo. Ule mtindo wa kunyunyiza pamba juu ya mti eti ni theluji, Dar es Salaam, Desemba, feni ikiwa namba tano, sijawahi kuuelewa. Mtoto akitaka theluji mwonyeshe picha ya Kibo, mita 5,895 na iko kwetu.

Kitoto kivingirishe utepe mwembamba wa kitambaa cheupe kuanzia miguuni. Hizo ndizo nguo za kitoto. Ukisoma neno hilo bila kuona, unafikiri ni suruali na fulana.

Sasa mamajusi. Kila mwaka kuna mtoto atakayeuliza mbona mijusi ilimletea Yesu zawadi. Mmoja wao ni majusi, si mjusi, nao walikuwa wataalamu wa nyota kutoka mashariki. Matayo hakusema walikuwa wangapi. Watatu tumewahesabu kwa zawadi zao, kwa hiyo magunzi yakiisha mkiwa na wawili, hamjakosea maandiko.

Zawadi zao ni somo zuri kuliko pambo lenyewe. Dhahabu ni karatasi ya pipi. Uvumba hauhitaji kutengenezwa, nenda dukani ukanunue ubani. Neno uvumba limebaki kanisani, lakini ile gundi ya mti iliyopelekwa Bethlehemu ni ubani huu huu ambao Oman na Somalia wameuuza karne na karne, na ambao nyumba nyingi za pwani huuchoma kwenye chetezo. Weka punje mbili juu ya kaa la moto, zima taa, waache wanuse. Manemane nayo ni utomvu wa miti ya nchi kavu, ipo Somalia na Ethiopia, lakini madukani ni ya kutafuta. Punje ya sukari guru kwenye kifuniko cha chupa itaiwakilisha.

Kitu kimoja msikifanye: msiweke kila mtu siku moja. Hori likae tupu. Maria na Yosefu waanze safari mbali, juu ya kabati, na kila jioni mtoto mmoja awasogeze hatua. Wanakwenda Bethlehemu kuandikwa, kwa kuwa Kaisari Augusto ameamuru watu waorodheshwe. Kwetu hili halihitaji ufafanuzi. Desemba mabasi ya Moshi yanapojaa, watu husema Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Mwanangu aliposikia kwamba hata Yusufu alikwenda kwao kuhesabiwa, akauliza kama naye alikuwa Mchaga. Baba yake hakukanusha.

Wiki ya tatu: nyota ya chelewa

Maneno: *nyota, mashariki, pembe, njiti, kivuli, kumetameta.* Aliyewahi kutengeneza kishada anajua nusu ya kazi hii.

Unahitaji njiti za chelewa za sentimita 30, zilizonyooka. Kwa kuwa njiti moja ni nyembamba, zifunge mbili mbili kwa uzi, unene ukipishana na wembamba, upate fito kumi zenye nguvu sawa. Ongeza vipande vitano vya bua la muhindi, kila kimoja sentimita 5.

1. Weka nukta tano sakafuni kwa chaki, kwa duara, uzipe namba 1 hadi 5. Laza fito ya kwanza kutoka 1 kwenda 3, ya pili 3 kwenda 5, ya tatu 5 kwenda 2, ya nne 2 kwenda 4, ya tano 4 kurudi 1. Ni kama kuchora nyota bila kuinua kalamu.

2. Funga zile ncha tano kwa uzi. Usikaze mno kabla hujaitazama kwa mbali, maana pembe moja ikizidi, zote zinakwenda upande. Ikishakaa sawa, kaza.

3. Tengeneza nyota ya pili hivyo hivyo, ilaze juu ya ya kwanza, funga pembe kwa pembe.

4. Katikati fito zinapokatizana kuna makutano matano. Chana kidogo ncha zote mbili za kila kipande cha bua, kisha kisimamishe kati ya nyota ya chini na ya juu kwenye makutano hayo, fito zikikaa ndani ya ule mpasuko. Nyota itavimba tumbo. Watoto hupiga kelele hapa.

5. Kata karatasi laini kubwa kuliko nafasi kwa sentimita moja kila upande, paka uji kwenye fito, bandika, kunja kingo. Nyekundu na njano ndizo hupitisha mwanga vizuri, bluu hugeuka giza usiku. Acha uwazi nyuma wa kupitisha mkono.

6. Ikishakauka ingiza taa ndogo ya betri au vimulimuli vya umeme mdogo visivyopata joto. Mshumaa kamwe. Ni karatasi, chelewa na bua, vyote hivyo ni kuni.

Itundike barazani, chini ya paa. Desemba Dar mvua za vuli zinaweza zisiwe zimekwisha, na karatasi hii haistahimili hata manyunyu.

Hilo la mvua nalijua kwa gharama. Mwaka mmoja tulitengeneza mapambo ya unga na chumvi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, maji kama kikombe yakiongezwa kidogo kidogo, unakanda, unasukuma unene wa nusu sentimita, unakata nyota na kengele, unatoboa tundu kwa mrija, unaanika siku tatu ukigeuza. Yalikauka yakawa magumu kama biskuti za zamani. Nikayatundika nje tarehe 20. Chumvi huvuta unyevu. Tarehe 22 asubuhi kengele zilikuwa zimelegea, zinadondoka moja moja kama kandambili iliyokatika. Sasa nayapaka vanishi pande zote, mara mbili, na yanakaa ndani. Mbwa asiyapate, chumvi ile nyingi humdhuru.

Yaliyobaki, kwa haraka

Bendera za vitenge ni kazi ya jioni moja. Kata pembetatu za upana wa sentimita 15 na urefu wa 20, kila moja ibandikwe herufi ya manila. KRISMASI NJEMA ni bendera 13, NOELI NJEMA ni 10. Ukiacha sentimita 5 kati ya bendera na nafasi katikati ya maneno, kamba ya mita 4 inatosha, na ncha za kufungia zinabaki. Mtoto anayejifunza kusoma mpe kazi ya kuzipanga, na usimsahihishe kabla hajamaliza. Mwaka mmoja kwetu iliandikwa KRIMSASI hadi Mwaka Mpya.

Kwa nyimbo za mkesha, okota maganda makavu ya ule mti wa maua mekundu unaochanua Desemba, ambao wengine huuita mkrismasi. Yanafika hata nusu mita, na mbegu za ndani zinacheza zenyewe ukitikisa. Hakuna cha kutengeneza hapo.

Kadi: manila iliyokunjwa mara mbili, na juu yake vipande vya jani kavu la mgomba vilivyobandikwa kwa umbo la mtu, nyumba au ng'ombe. Ndani ndipo pa maneno. "Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya" hufaa kwa kila mtu. "Noeli njema" mwandikie Mkatoliki, au ndugu aliye Bukavu au Lubumbashi, na ukimpigia Januari mosi atakuambia "Bonane". Bibi na babu usiwaandikie salamu tupu, anza na "Shikamoo". Anayepokea salamu hujibu "Nawe pia", wakiwa wengi "Nanyi pia". Na mtoto wa jirani akisimama mlangoni tarehe 25 akisema "Naomba sikukuu yangu", hasemi habari za kalenda. Weka soda na sarafu karibu.

Usiku wa tarehe 24, mkitoka ibada ya mkesha au kabla ya kulala, mdogo kuliko wote ndani ya nyumba ndiye humlaza mtoto horini. Mamajusi wao waanze safari siku hiyo kutoka chumba cha mashariki, wafike tarehe 6 Januari, Tokeo la Bwana. Kesho yake mnafungua. Karatasi za nyota huwa zimepauka, zichane, fito zihifadhi kwa mwakani. Magunzi yavueni nguo yaende jikoni. Hori litie ndani ya bahasha uandike jina lake juu, kwa sababu ni dogo na ndilo hupotea kwanza. Likipotea, subirini kiberiti kingine kiishe.